Ndoto Humwambii Kila Mtu

Ndoto yenyewe ilikuwa hivi. Niko kwenye ukumbi wa mitihani, ule wa kampasi, viti vimepangwa mbalimbali na feni moja juu inalia kama panya. Msimamizi anapita akigawa karatasi. Nafika pale pa kuandika jina. Kalamu inaandika vizuri tu, lakini jina linalotoka si langu. Nalikata, naandika tena. Linatoka jingine, la kizungu, halafu jingine. Wenzangu wanamaliza na kutoka. Mimi bado niko kwenye mstari wa kwanza.

Niliiota mara ya kwanza mwaka 2021, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yetu Mwakirunge. Niliamka nimelowa jasho, na chumba kimejaa moshi kwa sababu upepo ulikuwa umegeuka. Kama hujawahi kufika kwetu, unatoka Bamburi, unapita Kiembeni, unapanda boda na kuendelea mpaka minazi na mihogo inaanza kuwa mingi kuliko nyumba za kupanga. Bado ni Kisauni, bado ni Mombasa. Lakini ukimtajia mtu wa kisiwani Mwakirunge, anakumbuka kitu kimoja tu: jaa. Jaa la Kibarani lilipofungwa, malori ya taka yakawa yanaishia kwetu. Kila kitu ambacho mji umemaliza kutumia kinakuja kulala huku, na kuna watu wanaamka alfajiri kwenda kuchagua plastiki na vyuma vya kuuza.

Mwaka ule hata mimi nilijiona kama kitu kilichoshushwa na lori.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni wakati vyuo vilipofungwa Machi 2020. Baba alikuwa mhudumu kwenye hoteli ya ufuoni. Wageni wakaacha kuja, hoteli ikafunga milango, akaambiwa asubiri kuitwa. Masomo yakahamia mtandaoni, na mimi nina simu yenye kioo kilichopasuka, nazunguka na mwembe natafuta pale ambapo mtandao unashika. Ada ya muhula haikuwepo. Chuo kilipofunguliwa sikurudi. Sikumbuki siku yoyote niliyokaa chini nikaamua kuacha. Watu wakiniuliza nilisema nimeahirisha, na nikaendelea kusema hivyo mpaka wakachoka kuuliza.

Kazi niliyopata inajulikana sana na vijana wa Kenya, ingawa hatuisemi kanisani. Mwanafunzi yuko Marekani au Uingereza, ana insha ya kuwasilisha, hana muda au hana nia. Analipa. Mtu Nairobi, Eldoret au Mombasa anaandika. Mwanafunzi anaweka jina lake juu na kupata alama. Nimeandika kuhusu historia ya reli za Uingereza, maadili ya biashara, na utunzaji wa mama baada ya kujifungua. Hiyo ya mwisho ilinikosesha amani kidogo, maana kuna mtu mahali fulani anaitwa nesi, na kuna siku atashika mama mzazi akiwa na maarifa yaliyobaki kichwani mwangu mimi.

Kazi ilinijia kupitia kwa mtu mmoja. Nitamuita Bosi, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikimuita, mwanzoni kwa utani. Alikuwa na akaunti yenye sifa nzuri kwenye mtandao wa kazi hizo, na akaunti yenye sifa ndiyo mali. Mgeni asiye na akaunti anaandikia mwenye akaunti. Mimi nilipata shilingi 300 kwa ukurasa. Yeye alipata zaidi, kiasi gani sikuwahi kujua. Baada ya miezi mitano tulikuwa tunapendana, na baada ya miezi minane nilikuwa nimehamia kwake Kiembeni, chumba na sebule, maji ya mfereji siku mbili kwa wiki. Niwe mkweli: nilikuwa na furaha. Alinunua laptopu nikaitumia. Nikichelewa kumaliza ananikorogea chai ya tangawizi. Kwa msichana aliyekuwa anazunguka mwembe na simu iliyopasuka, hayo hayakuwa madogo.

Ndoto ikanifuata Kiembeni. Ilikuja mara mbili, tatu kwa mwezi, feni ile ile, karatasi ile ile. Na kitu kinapokurudia namna hiyo, unataka kumwambia mtu.

Nilianza na Mamangu, kwa simu. Alinyamaza kidogo kisha akasema, "Ni Mungu huyo anakukumbusha kurudi shule." Akaniombea pale pale, na akaweka jina langu kwenye maombi ya Jumatano ya kina mama. Sikumlaumu. Mamangu aliota mimi nimevaa joho la mahafali kabla mimi sijajua joho ni nini. Nilipomletea ndoto yangu, aliifungua akakuta ndani yake ya kwake.

Halafu nikamwambia Bosi. Tulikuwa kitandani, taa imezimwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka taratibu, akasema, "Hiyo ni stresi tu, babe. Ukimaliza ile ya Alhamisi upumzike." Niliona sawa. Lakini wiki iliyofuata walikuja marafiki zake, tumekula biriani, wako na stori zao, na katikati ya stori akasema, "Huyu wangu hata ndotoni anaandikia watu! Hata usingizini tunaingiza pesa!" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa sauti kuliko wote.

Baada ya usiku ule ndoto ilikoma. Si ile tu, zote. Nalala, naamka, katikati hakuna kitu, kama simu iliyozima chaji. Nikajiambia ni vizuri, nimepona.

Sikujua kuna tatizo mpaka ilipokuja kazi moja ya saikolojia mwaka 2023, kurasa nane, kuhusu safari za Carl Jung. Jina nilikuwa nalijua kwa mbali tu. Nikaanza kusoma na kumbe huyu daktari wa Uswisi aliteremka melini hapa hapa Mombasa, Novemba 1925, akapanda treni kwenda Nairobi, kisha yeye na wenzake wakaendelea mpaka Mlima Elgon. Huko alitaka kujua watu wanaota nini. Kila akiuliza anaambiwa hakuna. Mwishowe akakaa na mzee mmoja, laiboni, mwonaji wa watu wale. Jung anasimulia kuwa mzee alimjibu machozi yakimlenga. Zamani malaiboni waliota, wakajua kama kuna vita au maradhi, kama mvua itakuja, mifugo ipelekwe wapi. Tangu wazungu waje hakuna anayeota tena, na ndoto hazihitajiki. Mambo yote hayo sasa anayajua DC.

Jung aliwatazama Waafrika kwa macho ya wakati wake, na mengi aliyoandika kutuhusu ukiyasoma leo yanakera. Lakini mzee yule nilimsikia. Nilisimamisha kuandika. Ilikuwa saa tisa usiku, jokofu linanguruma, Bosi amelala upande wa ukuta na simu kifuani. Nikaanza kuhesabu. Nywila ya akaunti, anaijua yeye. Kodi inalipwa tarehe ngapi, yeye. Leo naandika nini, kesho nalala saa ngapi, nikienda Mwakirunge nirudi lini, yeye. Hakuwahi kunipiga wala kunifungia mlango. Nilikuwa nimempa mwenyewe, kidogo kidogo, kama mtu anayempa mwingine mizigo ashike ili apate kufunga kamba ya kiatu, halafu asiinuke tena.

Nilikuwa nimemweka DC kichwani mwangu, na mimi mwenyewe ndiye niliyemteua.

Nilimaliza zile kurasa nane. Ziliondoka saa kumi na moja alfajiri na jina la mtu wa Ohio. Nilisikia mteja aliridhika.

Kuna maelezo mengine ya kwa nini nilikuwa siotI, na siyafichi. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, walieleza kipindi cha usingizi ambapo macho hucheza haraka chini ya kope, na ukimwamsha mtu wakati huo mara nyingi atakuwa na ndoto ya kusimulia. Vipindi hivyo hurefuka usingizi unapokaribia mwisho wake. Mimi nilikuwa nalala saa kumi na moja alfajiri na kuamshwa saa mbili asubuhi, kwa sababu wateja wa Uingereza wanaamka. Sehemu ya usingizi yenye ndoto nyingi ndiyo niliyokuwa nauza. Kwa hiyo pengine mzee wa Elgon na watafiti wa Chicago walikuwa wananiambia kitu kimoja: angalia nani anakupangia saa zako.

Nina shoga yangu, tulisoma naye sekondari, Mwislamu. Nilimwendea Mtopanga, anauza abaya kwenye kibanda cha mamake. Nikamsimulia yote, ndoto, biriani, kicheko. Alikunja nguo tatu kabla ya kusema kitu. Kisha akaniambia walivyofunzwa chuoni, chuo cha Qurani, kuwa ndoto nzuri humwambii mtu ila unayempenda, na ndoto mbaya humwambii mtu kabisa. Unatema mate kidogo kushoto mara tatu, unaomba kinga kwa Mungu, unageuka ubavu. Akanikumbusha Nabii Yusuf, ambaye nasi kanisani tunamjua, vile babake alimwonya asiwasimulie ndugu zake alichoota.

"Kwani hiyo yako ni nzuri ama mbaya?" akaniuliza.

"Sijui."

"Sasa wallahi, kama hujui, ulimwambia yule kwa sababu gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa pale mpaka adhana ya alasiri.

Kuondoka hakukuwa na sinema. Nilimwomba Bosi tufungue akaunti ya pili, kwa jina langu. Hakukasirika. Aliniangalia kwa huruma ya kweli akasema, "Bila mimi, nani anakujua?" Na hakukosea. Miaka miwili nilikuwa nimeandika mamia ya kurasa, na huwezi kupata hata sentensi moja yenye jina langu juu yake. Tena kazi yenyewe ilikuwa imeanza kukauka. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kufanya kuwa kosa kuwauzia wanafunzi wa England insha kama zile. Novemba mwaka huo huo ikatoka ChatGPT, na wateja wakaanza kutuletea maandishi ya mashine tuyafanye yasikike kama ya binadamu, kwa nusu ya bei. Nilikuwa nasahihisha kitu kisicho na mtu ili kisainiwe na mtu asiyekiandika. Mwezi wa nane nikaacha laptopu mezani, kwa sababu ilikuwa yake, nikarudi Mwakirunge na begi moja.

Nyanya yangu, mamake Baba, sisi tunamuita Hawe. Wagiriama wanasimulia habari za Mepoho, mwanamke aliyetabiri kuja kwa wageni weupe kabla hawajafika, na labda kwa sababu hiyo nilimwendea Hawe nikitarajia unabii. Alikuwa anakuna nazi, ameketi juu ya mbuzi, miguu imenyooka. Nikamsimulia ndoto, nikamtafsiria mtihani ni nini hasa, kwa sababu hajawahi kuufanya. Alikuna mpaka kifuu kikabaki cheupe.

"Hiyo karatasi," akasema, "imekuuliza nini?"

"Namna gani, Hawe?"

"Si wasema ni mtihani. Mtihani una maswali. Wamekuuliza nini?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Miaka miwili ya ndoto ile ile na sikuwahi kuangalia maswali. Nilikuwa nimeng'ang'ana na jina.

"Basi wewe waogopa kitu ambacho hujakisoma," akasema. "Nipe hiyo nazi nyingine, mwanangu."

Usiku ule nilichukua daftari la mraba la mdogo wangu, nikaamua kuiandika ndoto yote, bila kuisimulia mtu. Na hapo nikagundua kitu cha aibu. Unapomwambia mtu, unampa ile sehemu inayokufanya uonekane vizuri. Mamangu nilimpa huzuni. Bosi nilimpa uchovu. Shoga yangu nilimpa kuonewa. Daftari halikuwa na uso wa kusoma, kwa hiyo nikaandika pia ile sehemu ambayo sikuwahi kumwambia mtu: kwamba kila jina la mtu mwingine linapotoka kwenye kalamu, kabla ya hofu kufika, moyo wangu hutulia. Kidogo tu. Kama mtu aliyepata kivuli.

Yaani nilikuwa nafurahi kuwa si mimi.

Niliitazama sentensi hiyo mpaka jogoo akawika. Miaka yote hiyo hadithi yangu ilikuwa kwamba nimenyimwa: chuo kimenikimbia, virusi vimeniharibia, mwanamume amelificha jina langu. Hayo yote yana ukweli wake. Ada kweli haikuwepo na akaunti kweli haikuwa yangu. Lakini ndani yake kulikuwa na mtu anayepumua kwa raha. Insha ikipata alama mbaya, ni ya mtu wa Ohio. Mapenzi yakienda vibaya, maamuzi yalikuwa ya Bosi. Nilishindwa mara moja kwa jina langu, mwaka 2020, na nikaapa bila kujua kwamba sitashindwa tena kwa jina hilo. Njia rahisi ya kutimiza kiapo hicho ni kutolitumia kabisa. Bosi hakuniibia jina. Nililiweka rehani kwake, naye akalipokea kama mtu yeyote anavyopokea kitu anachopewa bure.

Sikuandika haya ili nimsafishe, na najua wako wanawake ambao kweli wamefungiwa mlango. Wangu mimi ulikuwa wazi, na ilinichukua miaka miwili kuona kwamba nilikuwa naushikilia kwa ndani.

Siwezi kukuambia kuwa mambo yamenyooka. Baba aliitwa tena kazini, siku nne kwa wiki. Mimi naandika maelezo ya nyumba za wageni za Mtwapa na Nyali, natafsiri matangazo, mara moja moja naandika kitu kama hiki. Kuna miezi napata chini ya nilichopata Kiembeni, na Fuliza inanijua kuliko wachumba. Chuo sijarudi. Siku hizi nikiulizwa nasema niliacha. Ni neno fupi na halichoshi kama "nimeahirisha."

Jambo moja limebadilika: nalala usiku. Nikiamka sishiki simu kwanza. Nabaki vile vile nilivyolala, kwa sababu ukigeuka tu ndoto inamwagika, kisha nanyoosha mkono kwa daftari. Nyingi ni takataka. Naota nanunua viazi karai. Naota meno. Nimekulia karibu na jaa, sidharau takataka. Wanaoenda kuchagua pale hawapati dhahabu, lakini hawarudi mikono mitupu.

Jamaa mmoja ananitafuta siku hizi, fundi wa solar kutoka Utange, mpole. Juzi aliniuliza nimeamkaje, nikamwambia nimeota. Akasubiri. Nikaona kuwa anasubiri kweli, na bado nikasema, "Nitakwambia siku moja." Akasema haya. Sijui atakuwa nani kwangu. Najua tu kwamba safari hii nataka kuisoma mwenyewe kwanza.

Na ndoto ile ya mtihani ilirudi, mara moja, Ramadhani iliyopita. Feni, viti, msimamizi. Nilikumbuka maneno ya Hawe ndani ya usingizi, nikaruka pale pa jina nikashuka chini kutafuta maswali. Nilidhani nitakuta jambo kubwa. Kulikuwa na orodha tu, imeandikwa kwa mwandiko wangu: unga, mafuta, dawa ya presha ya Baba, chaji ya kuazima, umpigie Mama.

Niliamka nikicheka peke yangu. Nje malori yalikuwa yameanza kupita. Nikaiandika orodha kama ilivyokuwa, nikaweka tarehe, na juu yake jina langu. Kisha nikaenda dukani, kwa sababu unga kweli ulikuwa umeisha.